Ugoro wa Bibi Severina

Msomaji, kama mkono mmoja umeshika gazeti na wa pili umeshika kitumbua, weka kitumbua chini kwanza. Leo hakiliki.

Zubery mwenyewe ndiye aliyenituma nisifiche kitu. "Andika yote," kaniambia, "wakitaka kunitemea mate wanitemee, mate nimeyazoea." Basi naandika, na roho yangu mimi mwenyewe inachafuka.

Kwa aliyepitwa na ya nyuma: Zubery ni fundi cherehani wa Mbeya, anashona barazani mwa duka la Mhindi karibu na soko. Mkono wake mzuri, mdomo ndio mbaya. Kwa mdomo huo amekwisha kumpa mkewe Waridi talaka mbili. Ya kwanza kwa sababu ya wali ulioungua. Ya pili kwa sababu ya pakiti ya sigara ambayo Waridi aliitumbukiza katika ndoo ya maji, amechoka kulala na kikohozi na godoro lililotobolewa na moto. Mara zote mbili Zubery alilia kama mtoto, akamrejea ndani ya eda, nyumba ikatulia.

Imebaki moja. Na ya tatu, unajua mwenyewe, haina marejeo. Ikianguka hiyo, Waridi si wake tena mpaka aolewe na mwanamume mwingine, akae naye kama mke, kisha huyo mwingine amwache kwa hiari yake.

Mkwewe, Mzee Bushiri wa Iringa, alimwita kwa upole akamwambia, "Mwanangu, niahidi tu kwamba utaacha sigara."

Ahadi tu! Angesema "ndiyo, baba" na chai ikaletwa. Lakini Zubery aliona mzee anatabasamu pembeni kama hamwamini, damu ikampanda, akasimama mbele ya watu wote pale barazani.

"Sigara, nzima au kipande, yenye moto au iliyozimika, ikiingia tena kinywani mwangu, Waridi hana mume! Na hiyo ndiyo ya tatu!"

"Sikukuomba hayo!" Mzee Bushiri akapiga kelele. "Ewe mwendawazimu, nani kakuomba hayo?"

Neno limekwisha kutoka. Mdomo huponza kichwa, na wa Zubery ulikuwa umeponza vichwa viwili kwa mpigo.

Ili asirudie sigara, akajitia katika ugoro. Miezi minane anabwia. Wiki iliyopita ulimwona alikofika: mdomo wa chini umevimba, mate ya rangi ya kutu kila pembe ya nyumba, mto wa kulalia una ramani. Mpaka asubuhi moja akapangusa kinywa chake kwa ncha ya kanga iliyo karibu, akaiacha. Kumbe ni kanga anayoitandika Waridi kusalia. Waridi akaitandika, akasali, akasujudu, na paji lake la uso likatua juu ya kitu kibichi.

Hakumtukana. Alinawa uso mara saba, akafunga nguo zake, akasema maneno machache tu. "Sigara ilinichomea godoro. Hii inanichafua mbele ya Mungu wangu. Uje unichukue kwa baba siku huna hiyo wala hii." Akapanda basi la Iringa.

Hapo ndipo tulipomwacha fundi wetu, peke yake, kikopo mkononi.

Jumamosi moja alfajiri, mwaka ule wa hamsini na sita, Zubery akafunga cherehani, akavaa koti lake la kijivu alilojishonea mwenyewe, akaomba nafasi katika lori la Edmund. Edmund ni Mhehe wa Ifunda, Mkatoliki, mtu wa maneno machache, anapeleka mzigo Iringa na kurudi.

Mbele walikaa watatu: Edmund kwenye usukani, Zubery dirishani, na katikati Mzee Othmani, mfanyabiashara wa mpunga aliyekuwa anakwenda kununua Igawa. Mzee Othmani alivaa kanzu nyeupe imepigwa pasi. Masikini, hakujua amekaa na nani.

Hawajafika mbali, Zubery akatoa kikopo, akabinya ugoro kidogo, akauweka chini ya mdomo. Baada ya muda mate yakajaa. Akatoa kichwa dirishani, akatema.

Lori linakwenda mbele, upepo unakuja nyuma. Mate yakarudi ndani.

"Astaghfirullahi!" Mzee Othmani akaitazama kanzu yake kifuani. "Bwana, hiki ni nini?"

"Samahani, mzee wangu. Ni ugoro."

"Naona ni ugoro! Nauliza unafanya nini kwangu!"

Zubery akataka kumpangusa kwa leso yake. Akaitoa leso. Mzee Othmani alipoiona hiyo leso, akaomba asipanguswe kabisa.

"Mtu mzima na akili zako," mzee akasema, "kwa nini unajitia uchafu huu?"

Hapo Zubery akasimulia yote, maana ni mtu asiyeweza kukaa na neno tumboni. Alisimulia wali, pakiti, kiapo, kanga. Kitu kimoja tu alikiona aibu kwa mzee, akasema mwenye mkasa ni rafiki yake. Edmund alicheka usukani ukayumba.

"Rafiki yako huyo anabwia ugoro wa wapi?" Edmund akauliza.

"Wa Igawa," Zubery akajibu, na uso ukamng'aa. "Kajaribu wa Tukuyu, kajaribu wa Wasafwa, wote ni vumbi tu. Huu wa Igawa ndio unaokata hamu ya sigara. Ukiuweka hivi, unaona kabisa kama umevuta! Kuna bibi anautengeneza, anawapa wachuuzi wanauleta Mbeya. Leo nitamtafuta mwenyewe, nichukue wa kunitosha Iringa."

"Kwani unakwenda kumchukua mkeo au kumfukuza?" Mzee Othmani akauliza. "Rafiki yako, nasema."

"Nitapunguza, mzee. Nitabwia mara tatu tu kwa siku. Atanizoea."

Mzee Othmani akajisogeza. Aliivuta kanzu yake upande wa Edmund.

Wakalala Igawa. Malori yote ya barabara kuu hulala pale. Madereva wanakula wali hotelini, wanavuta, wanatupa chini, wanapiga soga, wanavuta tena.

Jumapili kulipopambazuka, Edmund akiangalia maji ya injini, Zubery akauliza kwa mama ntilie nyumba ya mtengeneza ugoro. Akaonyeshwa nyuma ya hoteli. Akamkuta bibi amekaa juu ya kigoda, miguu ameinyosha, mbele yake kinu kidogo na ungo mkubwa. Jina lake Bibi Severina. Mcheshi, mkarimu, na anaipenda kazi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu. Karibu. Umekuja kwa ugoro?"

"Nimekuja, bibi. Nabwia wako tangu mwezi wa pili. Nimetoka Mbeya kuja kumwona anayetengeneza kitu kizuri namna hii."

Bibi akafurahi sana. "Keti basi, ngoja nimalize kuchambua. Jumapili ndiyo siku yangu ya mavuno. Jumamosi magari yanajaa, nao watoto wa watu wanavuta, wee! Kumekucha tu mimi nimeinama na kikapu."

Zubery akainama kutazama ndani ya ungo.

Msomaji, nilikuambia uweke kitumbua chini.

Ungo mzima ulikuwa vipisi vya sigara. Vifupi, virefu, vilivyokanyagwa, vilivyolowa. Vingine vina alama ya meno. Vingine vimeshikana viwili viwili kwa mate ya watu asiowajua. Kimoja kilikuwa na kinyesi cha kuku ubavuni, na bibi, kwa unadhifu wake, alikuwa anakikwangua kwa ukucha. Anapasua karatasi, anamwaga tumbaku yake mkononi, karatasi anatupa motoni. Tumbaku inakwenda kinuni, pamoja na magadi.

"Bibi," Zubery akasema, "hivi vyote ni vya sigara?"

"Eee. Sasa wewe ulidhani ni mchicha?"

"Na ugoro wako wote..."

"Tumbaku ya shamba ghali, mjukuu, halafu haina nguvu. Hii ya dukani imekwisha kukaushwa vizuri na wenyewe. Mimi naiongezea magadi tu. Ndiyo maana watu wanaipenda. Wewe mwenyewe si unaipenda?"

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu magari yameanza kulala hapa. Huu mwaka wa tatu."

Zubery akaupitisha ulimi chini ya mdomo. Ugoro wa alfajiri bado ulikuwa pale. Akauonja. Akawaonja wote: dereva fulani wa Tunduma mwenye kikohozi, mwingine mwenye meno mabovu, kuku, tope la mlango wa hoteli. Miezi minane!

Akatapika.

"We! Usinitapikie karibu na ungo!" Bibi Severina akauvuta ungo wake mbali. "Ungo wa watu huu, una chakula cha watu!"

Zubery akatapika tena, mpaka kikabaki kitu cha kijani. Bibi akamletea maji kwenye kata, anamsikitikia kwa dhati. "Pole, mjukuu. Labda umekula vibaya hotelini. Pale jikoni kwao pachafu sana."

Akajitia vidole kinywani akakwangua fizi zote. Kikopo chake akakitupa chooni. Halafu, akiwa bado anajipangusa machozi, likampiga jambo jingine, zito kuliko kutapika.

Kiapo.

Sigara, nzima au kipande. Yenye moto au iliyozimika. Ikiingia kinywani mwangu.

Alitoka mbio mpaka hotelini. Mzee Othmani alikuwa anakunywa chai, kanzu nyingine, akiwasubiri wauza mpunga.

"Mzee wangu, yule rafiki yangu..."

"Mwambie rafiki yako akae, anatetemeka."

Zubery akakaa, akamweleza ya ungo. Mzee Othmani akakisukuma kikombe chake mbali. Chai ile hakuinywa tena.

"Ruka mkojo, ukanyage mavi," mzee akasema polepole. "Wazee walikuona wewe walipotunga hiyo."

"Mke wangu, mzee! Bado wangu?" Habari ya rafiki ilikwisha kufa.

"Mimi si kadhi, mwanangu. Lakini chuoni tumesoma kidogo. Ulijua kuwa ile ni sigara?"

"Wallahi sikujua! Nimejua sasa hivi!"

"Basi mtu hafungwi kwa alichofanya hajui. Mkeo ni wako. Mshukuru Mungu, nenda kamchukue."

Zubery akaangua kicheko na kilio pamoja. Akaushika mkono wa mzee akaubusu. Mzee akautazama mkono, akautia ndani ya bakuli la maji ya kunawia.

"Ngoja, sijamaliza," akasema. "Mpaka asubuhi hii ulikuwa hujui. Sasa umejua. Kuanzia sasa, punje moja ya ule ugoro ikiingia kinywani mwako, huna wa kumlilia. Umenielewa?"

"Mzee, baada ya niliyoyaona? Hata nikifungwa kamba!"

"Binadamu hafungwi kamba," Mzee Othmani akasema. "Nenda, gari linapiga honi."

Zubery akaondoka Igawa ana raha, naapa, ana raha ambayo hajaipata tangu mwezi wa pili. Ameachana na sigara, ameachana na ugoro, mkewe ni wake. Akamsimulia Edmund kila kitu, mambo ya ungo na maneno ya mzee, mpaka punje moja. Edmund akasema tu, "Haya, bwana. Shika hapo."

Raha ile ilidumu mpaka wakaanza kupanda milima.

Wewe usiyetumia tumbaku huwezi kujua, na mimi sikuombei ujue. Kwanza alipiga miayo. Halafu viganja vikatoa maji. Halafu baridi ya Mufindi ikaingia ndani ya mifupa na kichwa kikaanza kugonga. Edmund akawasha sigara. Moshi ukajaa chumba cha mbele, ukamzunguka Zubery puani.

"Zima, ndugu yangu. Nakuomba."

Edmund akaizima. Mtu mwema, Edmund.

Kufika Nyololo, tairi la nyuma likatoboka.

Saa tano ya Jumapili. Ukungu. Maduka yamefungwa yote, watu wote wako kanisani, unasikia tu wanaimba huko juu. Zubery akazunguka mlango hadi mlango akitafuta mtu wa kumuuzia ugoro mwingine, wa tumbaku ya shamba, wa halali, hata wa vumbi. Akabisha, hakuna. Akabisha kwingine, mbwa akamfukuza. Akarudi garini, Edmund amelala chini ya lori na jeki.

"Wanatoka saa ngapi kanisani hawa?"

"Walutheri? Saa saba labda. Leo na ubatizo, mpaka saa nane."

"Na sisi tunaondoka saa ngapi?"

"Nikimaliza."

Zubery akakaa juu ya jiwe. Akasimama. Akakaa. Akatia mkono katika mfuko wa koti kutafuta leso.

Vidole vikagusa tundu.

Msomaji, mfuko wa koti ukitoboka ndani, kila kitu kidogo unachokiweka huangukia chini, kati ya kitambaa na bitana. Kila fundi anajua. Na Zubery alikuwa amekiweka kikopo chake katika mfuko ule miezi minane, kifuniko kimelegea. Akalibinya pindo la koti. Akasikia kitu kinateleza chini ya vidole, laini kama vumbi la unga.

Akautoa mkono haraka.

Akasema bismillahi. Akasema Astaghfirullahi. Akaenda kusimama upande wa pili wa lori ambako hakuna mtu. Akatoa mkasi wake mdogo, ule wa kukatia nyuzi.

Akafumua pindo. Kwa ufundi, mshono baada ya mshono, asiharibu kitambaa. Fumba la unga mweusi likamwangukia kiganjani, limechanganyika na manyoya ya sufu, vipande vya uzi, na ukucha wa mtu, wake au wa dereva fulani. Alijua ni nini. Alikuwa ameuona ungo. Alikuwa ametapika. Harufu ya matapishi bado ilikuwa kwenye shati lake.

Nilimwuliza, "Zubery, pale ulifikiri nini?"

"Sikufikiri kitu," akanijibu. "Nilichambua nyuzi kwanza. Hilo nakumbuka. Niliondoa nyuzi, kama bibi alivyokuwa anaondoa karatasi."

Halafu akaubwia.

Lo! Nikifika hapa kalamu yenyewe inanikataa. Mtu kaona kwa macho yake, kaambiwa kwa masikio yake, kitabu kimefafanuliwa mbele ya kikombe cha chai. Na bado!

Kichwa kikaacha kugonga. Viganja vikakauka. Mwili wote ukalegea, na katika ule ulegevu akamkumbuka Waridi, jinsi anavyocheka akiwa amebana sindano midomoni, akimsaidia kupiga pindo. Akatema haraka. Akakwangua. Akasukutua na maji ya rejeta.

Alipogeuka, Edmund amesimama na tairi mkononi.

"Ule wa bibi?" Edmund akauliza.

Zubery akapangusa kinywa kwa mkono wa shati.

"Bwana Zubery, ule wa bibi?"

"Kidogo tu. Nimeutema."

"Na ile punje moja ya mzee?"

"Edmund, nakuomba kwa Mungu wako."

Edmund akaliegemeza tairi kwenye lori, akajipangusa mikono, taratibu. "Mimi dini si yangu, mambo yenu siyajui. Mimi sisemi kitu. Lakini nimeona."

Wakaingia Iringa saa tisa. Edmund akamshusha kwa Mzee Bushiri, akasema anakwenda kupakua mzigo, atapita saa kumi na moja, maana anataka kulala kwao Ifunda. "Kama mke anakuja, awe tayari."

Njiani kote Zubery alikuwa na dua moja tu. Nimemlazimisha mpaka akanitajia. Alimwomba Mungu Waridi akatae. Amtukane, amfungie mlango, adai aachwe. Akikataa, hakuna haja ya kusema lolote. Ataondoka zake kama mume aliyekataliwa, watu watamwonea huruma, na ya Nyololo yatabaki Nyololo. Mwanamume mzima, hiyo ndiyo dua yake.

Mzee Bushiri alikuwa barazani, amevaa kofia ya viua, jicho kali kama zamani. Zubery akampa shikamoo kwa kuinama.

"Marahaba. Mdomo umepungua uvimbe," mzee akasema. "Nakuuliza moja kabla hujaingia ndani ya nyumba yangu. Kile kiapo chako cha kipumbavu. Sigara imeingia kinywani mwako?"

Jirani wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanasikiliza.

"Haijaingia, baba."

"Hata kipande?"

"Hata kipande."

Lilitoka hivyo, laini kabisa, kwa ule mdomo ambao siku zote ulimponza kwa kusema kweli kwa hasira. Mara hii ulisema uongo bila hasira yoyote.

"Alhamdulillahi," Mzee Bushiri akasema, macho yakamlowa. Msomaji, yule mzee mkali alilia. "Mwanangu, usiku na mchana nimekuwa nikikihofia kiapo kile. Nilikuwa nasema, huyu mpumbavu atateleza siku moja, halafu anyamaze, na binti yangu ataishi katika zinaa hajui, mpaka anakufa. Nisamehe kwa kukudhania hivyo."

Zubery akasema, "Nimekusamehe, baba." Ndiyo, alisema! Alimsamehe mzee wa watu!

Waridi akatokea mlangoni. Amenenepa kidogo, amejitanda kanga ya njano. Hakusalimia.

"Achama," akamwambia.

"Mke wangu..."

"Achama, nimesema."

Zubery akaachama barazani, mbele ya jirani. Waridi akamshika kidevu, akauvuta mdomo wa chini, akachungulia huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi. Akanusa.

"Umeacha?"

"Nimeacha."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Waridi akamkazia macho. Zubery akasubiri: sasa atasema mwongo, sasa atanifukuza, Mungu nisaidie anifukuze.

Waridi akacheka. Cheko lile lile. "Angesema tangu mwezi jana nisingemwamini," akamwambia baba yake. "Leo nakubali. Mtu aliyeacha leo ndiye anayekuwa na sura hii ya kufiwa. Baba, nguo zangu nilizifunga tangu Ijumaa. Nilijua atakuja, nilikuwa nangoja tu kuona atakuja na kinywa gani."

Jirani wakapiga makofi. Chai ikaletwa. Zubery akapewa kitumbua, akakiweka chini.

"Waridi," akasema, "pengine ungekaa mwezi mmoja zaidi, upumzike..."

"Nipumzike na nini? Nimepumzika hapa mpaka nimenenepa."

"Nyumba chafu, sijafagia."

"Ndiyo maana narudi."

Saa kumi na moja kamili honi ikalia barabarani. Edmund alikuwa amepangusa kiti cha mbele kwa ajili ya mwanamke. Zubery akatangulia kupanda, kwa haraka, apate kukaa katikati, karibu na Edmund, amwambie neno.

"Edmund," akanong'ona. "Ndugu yangu."

Edmund akatazama mbele. "Mimi nimesema sisemi. Wewe je, utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Wapi? Hapa au Ifunda? Kwetu kitanda cha wageni ni kimoja."

Waridi alikwisha kufika mlangoni mwa gari. Ngazi ya lori iko juu, na yeye amevaa kanga mbili zilizombana. Nyuma yake Mzee Bushiri ameshika kikapu cha mayai na kuku wa safari, na nyuma ya mzee, jirani wote wa mtaa ule wamesimama kumuaga.

"Nipe mkono, bwana," Waridi akasema, na akaunyosha wake. Hina ilikuwa bado imekolea kwenye kucha. Alikuwa ameipaka ile Ijumaa.

Zubery akautazama ule mkono. Ulikuwa mkono wa mwanamke ambaye si mkewe, na katika watu wote waliosimama pale ni yeye na Mhehe mmoja tu waliojua.

"Bwana, vipi? Nipe mkono, wazee wamesimama juani."

"Mshike mkeo, mwanangu," Mzee Bushiri akasema.

Edmund akageuza uso wake dirishani.

Zubery akaushika mkono ule, akamvuta juu, akamkalisha ubavuni pake. Mlango ukafungwa.